Mwaka wa Kuhamisha Kumbukumbu

Gaspar amefia Muheza. Habari nimezipata nimesimama kwa muuza boflo, simu mkono huu, mfuko mkono huu, na muuzaji ananiuliza, "Bi Salha, nikutilie ngapi?" Ujumbe umetoka kwa mdogo wake, mtu nisiyepata kumwona: kaka amefariki, tumeshamzika, alikuwa akikutaja. Basi, hayo tu. Nimerudi nyumbani nikaiweka mikate mezani nikakaa nayo, chai sikuipika. Desturi yetu naijua. Mtu akifa hapa mjini, hata kama mlikuwa mnajuana kwa salamu, unafunga duka, unaepua chungu, unakwenda. Na huyu aliyekula nasi sahani moja, aliyekaa nami chumba kimoja mwaka mzima, aliyezika watu wetu kwa mikono yake, hakuna hata mmoja kutoka Unguja aliyemtilia udongo. Limeniuma, nalisema wazi. Na kila nikijaribu kuukumbuka uso wake, linalokuja mbele kwanza ni ukurasa mweupe wa kompyuta unaosema karibu, weka jina la msimamizi. Nauchukia ukurasa ule mpaka leo.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni juzi, mwembamba, mdomo mwepesi, najiona najua. Niliajiriwa na jumuiya ndogo ya hiari iliyokuwa na ofisi yake Kiponda, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba kongwe, ngazi zimesimama wima hata ukifika juu husalimii kwanza, unatweta. Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, chembamba, na kuta nene zinazokupaka chokaa ukiziegemea. Dirisha lilitazama uchochoroni, na chini yake palikuwa na baraza ya Bi Kidawa, jirani yetu mtu mzima sana, ambako wanawake wa mtaa walikaa baada ya Alasiri wakichambua mchele na kuchambua watu. Sisi juu tukisikia kila kitu. Pembeni, juu ya kasha, ilikaa seva, yaani ile kompyuta yetu kubwa isiyozimwa, ikivuma kutwa kucha. Ndani yake mlikuwa na hifadhidata ya wachangiaji damu wa kisiwa kizima: jina, grupu la damu, mtaa, simu. Mkubwa wetu Mzee Haroub, mfamasia mstaafu, aliyakusanya majina yale kwa miguu yake, msikiti kwa msikiti, skuli kwa skuli, mpaka Kizimkazi kwa wale vijana wanaowapeleka watalii kutazama pomboo. Ukimtania kuhusu hifadhidata yake alikasirika kana kwamba umemtania mkewe.

Wengi tuliowahudumia walikuwa watoto wenye selimundu, na katika hao alikuwepo Thureya. Mama yake, Bi Mize, alilima mwani Jambiani, vidole vyake vimechanika kwa kamba na chumvi, na alikuwa hana mtoto mwingine. Damu ya Thureya ilikuwa grupu O hasi, ambayo hapa kwetu kuipata ni kama kupata jogoo wa kukopa siku ya Idi. Alikuwa mtoto wa maneno. Mara ya kwanza kuja ofisini na mama yake alipanda ngazi zile akipumzika kila kituo, akaingia, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kumbe nyie ndo mnaokaa na damu? Mbona hapanuki?" Mzee Haroub alicheka mpaka akavua miwani. Hali yake ilipobadilika alipelekwa zahanati moja Mtoni, tuliyoshirikiana nayo, na pale muuguzi wao, Sista Zaina, alikuwa akinipigia simu mimi, mimi nafungua kompyuta, namtafutia mchangiaji, namsomea namba. Sasa niwe safarini, au mtandao usishike, au iwe Ijumaa ofisi imefungwa? Mtoto angoje. Mara moja Bi Mize alingoja asubuhi hadi Adhuhuri, na aliponiona baadaye hakunilaumu, alisema tu, "Hii njia moja, mwanangu, inaniogofya." Ndipo Mzee Haroub akaamua tuwafungulie wauguzi mlango wao wenyewe, na akamleta Gaspar.

Gaspar alikuwa kijana wa Bara, Mkristo, mrefu, mpole wa kukera. Ukimuuliza swali alifikiri kwanza, na mimi sina subira hiyo. Alikuja na programu ya kusimamia hifadhidata, ya kufungulia kwenye simu au kompyuta yoyote: muuguzi anaingia kwa jina lake na paswedi yake, anabonyeza utafutaji tuliomwekea tayari, wachangiaji wanatoka. Tuliisimika ikafanya kazi, tukashangilia, tukala urojo. Furaha haikudumu. Wauguzi wawili wakiingia pamoja, mmoja anafungiwa nje. Umeme ukikatika ghafla, na masika ile ulikatika kila mawingu yakikohoa, programu inaamka imechanganyikiwa. Nikamwambia Gaspar hiyo programu yake ni kimeo. Akafikiri, kisha akanieleza kwa kidole mezani. "Wachangiaji wako wamo kwenye hifadhidata kubwa, wako salama, hiyo ni nyumba. Programu ni bawabu. Bawabu naye ana akili yake: nani anaruhusiwa, kwa mlango gani, akatafute nini. Sasa akili hiyo imewekwa kwenye kihifadhi kidogo kilichokuja humohumo ndani ya programu, na ni kidogo kweli. Hakiwezi watu wawili, hakiwezi giza. Dawa yake ni kuihamisha kumbukumbu ya bawabu tuiweke nayo kwenye hifadhidata kubwa." Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Akasema, "Kwa sababu mwanzo mliniambia haraka."

Kuhamisha huko kulimla mwezi. Kila siku alikuja na boflo lake na chai ya chupa, akakaa, akabadilisha mstari kwenye faili la mipangilio, akaiwasha programu, ikakataa. Kwanza ilikosa kiunganishi cha kuzungumza na hifadhidata ile nyingine. Akakitafuta, akakiweka, ikakataa tena: jina aliloifungulia kule halikuwa na ruhusa ya kutengeneza majedwali yake. "Nimemkaribisha ndani nikamnyima kiti," alisema peke yake, akicheka. Mimi nikipita nyuma yake na kazi zangu nikimtupia, "Bado tu, bwana? Wenzio wanajenga msikiti." Naye, "Msikiti unajengwa mara moja, Salha. Hii nikikosea inaanguka wewe umelala." Bi Kidawa alikuwa akimhurumia. Saa ya chakula alipanda mjukuu wake na sahani mbili zilizofunikwa kawa, muhogo wa nazi au ndizi na samaki, moja ya ofisi, na moja, alisema wazi, ya yule kijana asiye na mama hapa.

Lakini mtaa una macho. Mwanzoni mwa kukaa kwake alikufa mzee mmoja nyumba ya tatu, sote tukaenda, Gaspar akabaki juu na kompyuta yake kwa sababu hakujua. Jioni yake tuliyasikia yakipanda dirishani. "Na yule wa juu? Maiti imepita chini ya pua yake, hata kuchungulia!" Mwengine akasema, "Hao ndivyo walivyo, kila mtu na lake." Sauti ya Bi Kidawa ikakata: "Mwacheni. Mgeni huyo, atajifunza." Gaspar alikuwa ameacha kuandika. Tangu siku hiyo likitokea lolote mtaani, kijana yule alikuwa wa kwanza kushuka ngazi. Alijifunza kushika jeneza, alijifunza kusimama nyuma kwa adabu wenzake wakisali. Wanawake wa barazani wakageuka, wakaanza kumwita Gaspari wetu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Asubuhi Gaspar aliniambia leo ndiyo leo, kila kitu kimekubali. Aliizima programu, akaielekeza kwenye hifadhidata kubwa, akaiwasha, na safari hii haikulalamika, ikatengeneza majedwali yake moja baada ya jingine, naye anayasoma kwa sauti kama mtu anayehesabu kuku wake. Ukurasa ukafunguka mweupe: karibu, weka jina la msimamizi. Alipiga mikono. Bawabu alikuwa amehamia chumba kipya, ila akili ilikuwa bado tupu. Kilichobaki ni kuwachukua wauguzi, ruhusa zao na utafutaji wao kutoka kule kwenye kihifadhi kidogo na kuwaleta huku, kazi ya muda mfupi tu. Ndipo kikapanda kilio kutoka chini. Bi Kidawa alikuwa amelala baada ya chai, na walipokwenda kumwamsha hakuamka. Inna lillahi. Maziko yalipangwa upesi, akazikwe baada ya Adhuhuri.

Namwona Mzee Haroub amesimama mlangoni na kanzu yake, ufunguo mkononi. Gaspar akamwambia, "Mzee, nimeifungua nusu. Nipe muda kidogo niwahamishe watu, au niirudishe ilivyokuwa." Mzee Haroub akasema, "Gaspari, mwanangu, kompyuta itakungoja. Maiti hangoji. Jeneza lishatoka ndani." Hakusema kwa ukali, mtu yeyote wa hapa angesema vile vile, na mimi mwenyewe nilikuwa nshajifunga mtandio. Gaspar aliutazama ukurasa, akatazama dirisha. "Yule mama alikuwa akinitilia sahani yangu mbali," alisema. "Siwezi kukaa juu ya kichwa chake nikibonyeza vitufe." Akainuka. Mzee Haroub akafunga mlango kwa kufuli, wanaume wakaenda na jeneza, mimi nikaingia kwa wanawake. Wale wanaosema Gaspar aliacha kazi kwa uzembe hawakuwepo chumbani, na nimewaambia hivyo usoni mwao mara nyingi kuliko walivyopenda.

Nyumba ya Bi Kidawa ilijaa, udi unafuka, wanawake bega kwa bega juu ya majamvi wanasoma juzuu zao. Simu ikanitetemekea mapajani. Nikaipuuza. Ikatetemeka tena. Nikatoka uani, nikapokea, Sista Zaina akaanza bila salamu: "Salha, mtambo wenu umenisahau!"

"Umekusahau vipi?"

"Nnafungua, unanambia karibu, weka jina, weka paswedi mpya. Jina langu halimo! Utafutaji wetu haumo! Bi Mize yuko hapa na mtoto, damu imeshuka vibaya, friji yetu ya grupu lake tupu, nshauliza kwengine hakuna. Nitazamie basi!"

Ningetazama wapi? Kompyuta ilikuwa nyuma ya kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mzee Haroub makaburini. Nikampigia Gaspar, inaita tu. Nikampigia Mzee, imezimwa, na ndiyo heshima. Nilipiga hatua mbili kurudi ndani, nikageuka, nikavaa viatu visivyo vyangu, nikatoka mpaka barabarani, nikapanda bodaboda. Mwanamke haendi kuzika kwetu, na mimi nilifika Mwanakwerekwe peke yangu, mtandio begani, nikasimama nyuma ya migongo ya kanzu zote zile. Walikuwa wanatia udongo. Nikaita, "Gaspari!" Shingo ziligeuka zote, na macho niliyotazamwa siyasahau. Kutoka kaburini pale pale sauti ikajibu, "Naam," naye akatokea na mikono yake ya udongo. Nikasema neno moja tu, Thureya. Alielewa kabla sijamaliza. Mzee Haroub akautoa ufunguo mfukoni, tukaondoka mbio sote watatu.

Tulipofika juu Gaspar hakuigusa ile programu. Alifungua dirisha jeusi la maandishi, akaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata kubwa, na majina yakatoka papo hapo, yote, hakuna hata herufi iliyopungua. Nikapiga. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa baharini Kizimkazi na watalii wake, akasema anageuza chombo. Wa tatu, kijana wa Kikwajuni, alisema, "Nnakwenda saa hii, dada," nikasikia pikipiki ikiwashwa kabla hajakata simu. Tukangoja. Mzee Haroub anapiga dua chini kwa chini. Chini, baraza ya Bi Kidawa ilikuwa tupu. Sista Zaina aliponipigia sikuijua sauti yake. Alisema, "Salha, mwambie huyo kijana wa watu anayekuja kutoa damu arudi zake." Nililia kwa sauti, sikujali nani yuko chini. Gaspar aliondoka akanawa mikono, akarudi, akakaa kitako, akaimaliza kazi: akawahamisha wauguzi, ruhusa, utafutaji, akajaribu kuingia kama Sista Zaina, akaingia. Watu walisema baadaye ana roho ya jiwe, mtoto amekufa yeye anachezea kompyuta. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona kola ya shati lake imelowa kwa machozi yanayoteremka mpaka shingoni.

Nikisema programu ile haijakataa tena tangu jioni ile, msidhani naitetea. Ni kweli tu. Wauguzi wanaifungua kwa simu zao, wawili, wanne, umeme ukikatika ikarudi inawajua wote kwa majina. Niliondoka jumuiya ile zamani, lakini nikipita Mtoni naingia kuwasalimu, na vijana wa sasa hawajui kama palikuwa na siku haikumjua mtu. Gaspar hakufukuzwa. Alikaa miezi kadhaa, anakuja, anaondoka, chai yake inapoa kwenye chupa, halafu akasema mama yake anamtaka Muheza. Bandarini nilimpa mkate wa kumimina nilioupika mwenyewe. Nilitaka kumwambia si wewe, nikamwambia. Akafikiri, kama kawaida yake, kisha boti ikapiga honi.

Lakini ninalobishana nalo mpaka leo si lile la ofisini. Ni la Jambiani. Tulikwenda kumhani Bi Mize siku ya tatu, gari ya kukodi, Mzee Haroub mbele, sisi nyuma. Tulipopita msitu wa Jozani Mzee akageuka. "Tukiulizwa, mtambo uliharibika na ajali ikafika. Uwongo wa kumpoza mfiwa Mwenyezi Mungu anausamehe." Nikasema, "Mzee, na kweli je?" Akasema, "Kweli itamfaa nini, Salha? Itamrudishia mtoto?" Gaspar alikuwa anatazama nje, na nikajua hakukubali. Kijana yule alikuwa hawezi kusema uwongo hata wa kununulia samaki, na mimi siku zote nilidhani hiyo ni sifa.

Nyumbani kwa Bi Mize nyuzi za mwani zilikuwa zimetandazwa uani, zimekauka, hakuna aliyezigeuza. Nikaingia kwa wanawake, nikamkumbatia, alikuwa mwepesi kama kitoto. Aliniuliza wanaume waliokuja ni akina nani. Nikamtajia. Akasema, "Huyo fundi nnataka kumwona." Akatoka nje kajitanda kanga yake, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi karibu na jiko. Gaspar akaitwa, akachutama mbele yake. Mzee Haroub akasogea akasimama nyuma ya kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikukwitia ugomvi, baba. Neno moja tu. Mtu wa damu ya mwanangu alikosekana?"

Mzee Haroub akakohoa. Gaspar akasema, "Hapana, mama. Walikuwepo."

"Wengi?"

"Zaidi ya mmoja. Na mmoja alikuja mbio."

"Basi majina yao ndo yalopotea humo ndani?"

"Hayakupotea. Yalikuwa pale pale, salama. Njia ya kuyafikia ndiyo niliyoikata mimi ili niiunge upya, na kabla sijaiunga nikaenda kuzika."

Bi Mize hakulia. Alivitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Mwanamke mmoja ndani alikuwa akisoma na sauti yake ikitufikia, na kuku wakapita katikati yetu. Mwisho akanyanyua mkono akamshika Gaspar kichwani, taratibu, kama anayempima homa mtoto wake.

"Ungenambia hakuwepo mtu, mwanangu," alisema, "ningepata kulala."